Kabla ya kumuuzia kijana shahada ya pili

Kwa Manaibu Chansela wa vyuo vikuu vya Nyanza, Magharibi na Nakuru, na kwa wenyeviti wa Bodi za Utumishi wa Umma za kaunti za maeneo hayo hayo.

Waheshimiwa,

Majoho yakisharudishwa na picha za mahafali zikishatumwa kwa jamaa wote, swali linalobaki nyumbani ni moja, iwe Bondo, Mumias au Njoro: aende masta sasa, au atafute kazi kwanza? Mzazi anaona shahada moja imekuwa kama KCSE, cheti cha sekondari, ilivyokuwa zamani, kila boma linayo. Kijana ameona tangazo la kaunti lenye maneno "shahada ya uzamili itakuwa faida ya ziada". Chuo nacho kina viti vitupu katika darasa la Jumamosi. Basi karo inalipwa, na hapo katikati hakuna aliyeuliza kazi anayoitaka kijana imefungwa na nini hasa.

Sisi ni washauri wa masomo na kazi katika ukanda huu. Tunawaandikia kwa kuwa habari ambazo mhitimu anazihitaji ili aamue vizuri ziko kwenye makabati yenu, na hazitoki.

Tunalolisema ni kwamba mhitimu anayekosa kazi mara nyingi hapungukiwi na elimu. Amepungukiwa na leseni, au mtihani wa bodi ya taaluma yake, au miezi kumi na miwili ya uzoefu ambao mtu anaweza kuutia saini. Vitu hivyo havifundishwi kwenye uzamili.

Tuanze na ualimu, maana huko ndiko wengi hapa hukimbilia mambo yakikaza. Kijana ana shahada ya sayansi, Hisabati na Kemia, ila hakusomea ualimu. Hata akiongeza uzamili wa Kemia, TSC, Tume ya Huduma kwa Walimu, haitamsajili. Anachodaiwa ni stashahada ya uzamili katika elimu, ile wanayoiita PGDE, ambayo huchukua mwaka mmoja hivi pamoja na mazoezi ya kufundisha. Na hata hiyo asiilipie kabla ya kutoa cheti chake cha KCSE kwenye bahasha na kukisoma upya: TSC hutaka wastani wa C+ na tena C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili atakayofundisha. Aliyepata C ya Kemia miaka ile atalikuta tatizo hilo baada ya karo kwisha, kwa sababu karani wa udahili chuoni hutazama shahada, halafu TSC hutazama yote. Akishasajiliwa, ajira yenyewe hufuata jedwali la alama ambalo TSC hulitoa hadharani kila inapoajiri, na mwaka wa kufuzu una uzito mkubwa ndani yake. Uzamili haumrushi mtu kwenye foleni hiyo. Aliye kazini tayari naye ajue kwamba, chini ya mwongozo wa upandishaji vyeo wa 2018, shahada ya juu peke yake haimpandishi mwalimu cheo moja kwa moja kama walivyozoea waliomtangulia.

Uhandisi ni mkali zaidi. Ikiwa programu ya shahada ya kwanza haikutambuliwa na Bodi ya Wahandisi, EBK, shahada ya pili haifuti kasoro hiyo. Anayetambuliwa husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi isiyopungua miaka mitatu ndipo aombe kuwa mhandisi kamili. Miaka miwili ya darasani inayoahirisha miaka hiyo mitatu ni hasara, isipokuwa mwajiri ameitaka. Kwenye sheria, uzamili haumfanyi mtu kuwa wakili. Njia ni mafunzo ya Kenya School of Law, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria na miezi sita chini ya wakili mzoefu. Uhasibu? CPA, yaani mitihani ya uhasibu wa kitaaluma. Mwenye shahada ya biashara husamehewa baadhi ya karatasi na KASNEB, bodi inayoitahini, mitihani iko Aprili, Agosti na Desemba, na anaweza kuisoma jioni huku anafanya kibarua. Tangazo la mhasibu wa kaunti likitaka CPA(K), hakuna MBA, uzamili wa biashara, itakayoziba pengo hilo. Rasilimali watu wana cheti cha CHRP na uanachama wa IHRM, taasisi ya taaluma yao, na watu wa ununuzi wana taasisi yao, KISM. Haya yanajulikana na kila afisa anayechuja barua za maombi, lakini mhitimu huyapata kwa uvumi pale saiba.

Tutakaa kidogo kwenye afya ya umma, kwa kuwa Kisumu imejengwa juu yake. Kwa miaka mingi miradi ya Ukimwi, malaria na afya ya uzazi iliajiri watu wengi kandokando ya ziwa, na kijana wa sosholojia au maendeleo ya jamii alijifunza kwamba njia ni uzamili wa afya ya umma au wa ufuatiliaji na tathmini. Kwa wakati huo hakukosea sana. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na USAID, shirika lake la misaada, ikakoma kutekeleza misaada hiyo Julai mwaka huohuo, hesabu imegeuka. Miradi ilipunguza watu, na waliotoka wana uzamili huohuo pamoja na miaka mitano, minane au kumi ya kazi. Kijana anayeingia darasani leo atatoka akashindane nao. Kuna na jambo la pili ambalo brosha hazilisemi: uzamili wa afya ya umma haumfanyi mtu wa sosholojia kuwa afisa wa afya ya umma. Maafisa hao wana baraza lao la usajili, lililoundwa kwa sheria ya 2013, nalo huangalia mafunzo ya msingi. Kaunti ikitangaza nafasi hizo na kudai usajili, maombi yake huondolewa siku ya kwanza ya kuchuja.

Huyo angefanya nini? Mara nyingi tunamwambia ajifunze kazi ambayo mradi wowote, wa serikali au wa wafadhili, unaihitaji Jumatatu asubuhi: kutengeneza fomu kwenye KoboToolbox, kusafisha takwimu kwa Stata au R, kutoa ripoti kwenye KHIS, mfumo wa takwimu za afya nchini unaoendeshwa kwa DHIS2. Programu hizi, ukiiondoa Stata, hazina ada ya leseni. Miezi minne ya mazoezi ya dhati, na kazi tatu za mfano anazoweza kumfungulia mwajiri kwenye kompyuta, humpeleka kwenye mahojiano mbele ya mwenzake ambaye bado anaandika sura ya pili ya tasnifu. Akishapata kazi na kuona pengo lake liko wapi, hapo uzamili wa takwimu za afya au epidemiolojia utakuwa na maana, na pengine mwajiri atauchangia.

Nakuru wana mfano mzuri wa mpangilio huo. Mafunzo ya jotoardhi ya Aisilandi, ya miezi sita, yameendeshwa tangu 1979 na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizopeleka watu wengi zaidi. Anayekwenda hupendekezwa na taasisi anayofanyia kazi. Hakuna anayeenda kule ili akirudi aanze kubisha lango la mitambo ya jotoardhi ya Menengai au Olkaria. Kazi ilitangulia, masomo yakafuata.

Sasa tarakimu. Hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke zake. Tuseme karo ya uzamili hadi mwisho ni shilingi 280,000. Nauli na chakula cha Jumamosi 40 za masomo, kwa 1,000 kila moja, ni 40,000. Kukusanya data, kuchapa na kujalidi tasnifu, 60,000. Jumla 380,000. Mshahara ukipanda kwa 8,000 mkononi kila mwezi kwa sababu ya uzamili, fedha hizo zitarudi baada ya miezi 48 hivi, yaani miaka minne. Inavumilika. Lakini kama aliacha kazi ya 20,000 kwa mwezi ili asome, kiasi ambacho TSC iliwawekea walimu wanagenzi wa sekondari msingi mwaka 2023, basi miezi 24 imekula 480,000 nyingine. Gharama ya kweli ni 860,000, nayo hurudi baada ya miaka tisa. Kosa tunaloliona sana ni mtu kuhesabu karo na kusahau mshahara aliouacha.

HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, nayo haisahau. Mkopo wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 na huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza. Asiyelipa hutozwa faini ya 5,000 kila mwezi. Wapo wanaodhani kwamba ukirudi darasani deni hulala, wakanyamaza. Miezi 24 ya kunyamaza ni faini ya 120,000 juu ya deni lenyewe, kisha kaunti inadai cheti cha HELB kabla ya kumpa barua ya kazi. Kabla ya kujaza fomu ya uzamili, mhitimu achukue taarifa ya mkopo wake, aiandikie HELB kueleza hali yake, na abaki na nakala ya barua hiyo.

Muda ndio unaodanganya zaidi. Brosha husema miaka miwili. Kozi za darasani kweli huisha kwa mwaka au mwaka na nusu. Halafu inakuja tasnifu, na huko ndiko watu hupotelea. Pendekezo la utafiti lipite idara, kisha shule au kitivo. Baada ya hapo kamati ya maadili. Kisha kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Kisha kuripoti kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti. Ndipo data ikusanywe. Mtu anayetafiti shule akipata kibali Novemba, shule zimefungwa, angoje Januari. Msimamizi akienda likizo ya masomo au chuo kikigoma, sura hukaa mezani miezi. Ikirudi kutoka kwa mtahini wa nje ina masahihisho, na akichelewa kwa wiki moja kuyawasilisha, hukosa orodha ya mahafali, ambayo huja mara moja au mbili kwa mwaka. Ukimuuliza aliyekwama kosa lilikuwa wapi, mara nyingi jibu ni mada pana kupita kiasi, kama vile "mchango wa vyama vya akiba katika maendeleo ya magharibi mwa Kenya". Mada ya wadi mbili, maswali matatu na data ambayo tayari ipo humalizika. Tunamshauri kila mmoja aingie chuoni akiwa na mada yake kwenye ukurasa mmoja na jina la mhadhiri aliyekubali kwa kinywa chake kumsimamia. Asiyeweza kuvipata hivyo kabla ya kulipa, hatavipata kirahisi baada ya kulipa.

Njia tunayoitumia kuamua haina ufundi mkubwa. Mhitimu akusanye matangazo 20 halisi ya kazi anayoitaka, ya miezi mitatu iliyopita: ya bodi zenu, ya MyGov, gazeti la serikali linalotoka Jumanne, na ya mashirika. Kwa kalamu nyekundu apigie mstari kila kilichoandikwa "lazima", na kwa bluu kila "faida ya ziada". Ahesabu. Uzamili ukitokea kwa nyekundu chini ya mara tano kati ya ishirini, fedha ziende kwa kile kilichotokea mara nyingi zaidi. Makosa ni mawili. La kwanza, kukusanya matangazo ya vyeo vya mkurugenzi, ambavyo atavifikia baada ya miaka kumi na miwili, badala ya cheo cha kuanzia. La pili, kuomba ushauri kwa mjomba aliyeajiriwa 1994. Atafute watu watatu walioajiriwa kwenye nafasi hiyo ndani ya miaka miwili iliyopita, awaulize walikuwa na nini mkononi siku ya mahojiano.

Pia aangalie kinachooza kwa kungoja. Uanagenzi wa Tume ya Utumishi wa Umma ni wa miezi 12, na tangazo lake huweka mwaka ambao mwombaji asiwe alifuzu kabla yake. Anayeingia darasani kwa miaka mitatu anaweza kutoka amepitwa. Uzamili utakuwepo, nafasi hiyo haingoji.

Hatusemi uzamili hauna maana. Anayetaka kufundisha chuo kikuu hana njia nyingine: uzamili humfikisha ngazi za chini, na nafasi ya mhadhiri katika fani nyingi hudai uzamifu. Daktari anayetaka ubingwa lazima asome. Mtumishi wa kaunti aliyefika cheo ambacho mpango wa utumishi unataka uzamili ili apande, huyo asome hata kesho, ila asisahau kwamba mipango hiyohiyo hudai pia kozi ya usimamizi wa juu ya wiki nne, inayotolewa na Kenya School of Government, ambayo ina kampasi Baringo. Tumewaona wenye uzamili wakipitwa na wenzao kwa kukosa cheti cha wiki nne. Na mtafiti anayelenga taasisi kama KEMRI, ya utafiti wa tiba, pale Kisian anahitaji shahada ya pili iliyojaa takwimu. Uzamili wa usimamizi wa miradi uliochukuliwa kwa sababu darasa lilikuwa karibu na stendi hautamsaidia huko.

Sasa yanayowahusu ninyi.

Kwa Manaibu Chansela. Kila programu mliyonayo iliandikiwa utafiti wa mahitaji ya soko ilipopelekwa kuidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Mnao. Utoeni. Kisha, kwa kila programu ya uzamili, bandikeni ukurasa mmoja kabla ya kupokea ada ya maombi: wanafunzi waliosajiliwa kila mwaka kwa miaka mitano iliyopita, waliofuzu kati yao, na miezi waliyotumia walio wengi, si yule mmoja hodari. Wekeni idadi ya wasimamizi waliopo na wanafunzi ambao kila mmoja anawasimamia tayari. Andikeni waziwazi kama programu inampa mtu haki ya kusajiliwa na bodi yoyote ya taaluma. Kama haimpi, jibu ni "hapana", kwa herufi kubwa. Tunajua kwamba msajili wa masomo ana takwimu hizi, kwa sababu orodha ya mahafali huitoa yeye. Chuo kinachoogopa ukurasa huo kinamuuzia mtu mbuzi kwenye gunia. Ombi jingine dogo: mhitimu wenu akija kuulizia uzamili, aonane kwanza na ofisi ya ushauri wa kazi kwa nusu saa, bila malipo, na ofisi hiyo isiwe chini ya idara ya masoko.

Kwa Bodi za Utumishi wa Umma. Maneno "faida ya ziada" yamewagharimu watu mashamba. Kama jedwali lenu la kuchuja linampa mwenye uzamili alama mbili kati ya mia, liwekeni kwenye tangazo, kama TSC inavyofanya. Kama halimpi chochote, yafuteni maneno hayo. Kwenye vyeo vya kuanzia vinavyotaka shahada, hesabuni uanagenzi wa Tume na mafunzo ya nyanjani kuwa uzoefu, na mseme hivyo kwa maandishi. Nafasi ya kuanzia inayotaka uzoefu wa miaka mitatu humrudisha kijana darasani kwa kukosa pa kwenda. Na mnapowakataa waombaji, chapisheni sababu kwa mafungu: wangapi walikosa usajili wa taaluma, wangapi walikosa vyeti vya uadilifu, wangapi walikosa shahada. Mwaka mmoja wa orodha hiyo utamfundisha mhitimu wa Siaya au Bungoma mengi kuliko semina kumi za kazi.

Udahili wa Septemba unakaribia na mabango ya barabarani yameanza kupanda, Kondele hadi Nakuru mjini. Tunaomba ukurasa huo wa kila programu uwe umebandikwa kabla fomu hazijaanza kuuzwa, na jedwali la alama liwe kwenye tangazo lenu linalofuata. Takwimu zikihitaji mtu wa kuzipanga, tuko tayari kuja ofisini kwenu na kuzipanga bila malipo.

Wenu,
Washauri wa masomo na kazi, Kisumu, Kakamega na Nakuru

Nakala: HELB, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu